Silikoni ya tyubu yenye neno "hataza": inavyoziba mabati, na kama dai lake ni uvumbuzi

Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya, na ukifuata barabara kuu hadi Makambako na Iringa mjini, tyubu ya silikoni ya mililita 280 au 300 haikosekani rafuni. Zipo ambazo ubavuni zimeongezewa maneno: isiyo na siki, mahususi kwa mabati na alminiamu, imelindwa kwa hataza. Muuzaji huligonga neno hilo la mwisho kwa ukucha kabla ya kutaja bei, na bei yenyewe huwa juu ya ile ya tyubu ya kawaida.

Chapa hatuitaji, kwa kuwa maneno hayohayo yanazunguka kwenye chapa zaidi ya moja na kinachopimwa hapa ni aina ya bidhaa. Kwa kifupi: silikoni isiyo na siki inastahili bei yake kwenye mabati, alminiamu na plasta. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake, haihusiki na ubora huo, na dai lenyewe, yaani maneno ya hataza yanayotaja kinacholindwa, kwa namna linavyoandikwa mara nyingi, tungelihukumu kuwa ni jambo dhahiri kwa mtu wa fani.

Tuanze na kilichomo ndani, maana bila hicho hata dai halisomeki. Mpira wa silikoni ni polidimethilsiloksani: mnyororo mrefu wa atomi za silikoni na oksijeni zinazopokezana, wenye haidroksili (oksijeni iliyoshikana na hidrojeni) kwenye ncha zake mbili. Humo huchanganywa silani, ambayo ndiyo kiunganishi. Ikikutana na unyevu wa hewani, silani huifunga minyororo pamoja na kuachia kitu fulani, na hicho kinachoachiwa ndicho unachokinusa. Silani ya asetoksi huachia asidi ya asetiki, yaani siki yenyewe. Ya oksimu huachia oksimu, na ya alkoksi huachia methanoli au ethanoli kidogo. Kisha kuna silika laini mno inayozuia silikoni isitiririke ukutani, unga wa kalsiamu kaboneti wa kujazia, aminosilani ya kusaidia kushika, na chembe za kichocheo chenye bati. Hapo tunasema bati la madini, siyo la kuezekea. Lugha yetu imeyapa jina moja na mafundi wengi wamechanganyikiwa kwa hilo wakisoma karatasi za kiwanda.

Kwa nini siki ni tatizo? Bati la kuezekea linalindwa na tabaka jembamba la zinki, na asidi huila zinki. Mstari wa silikoni ya siki kwenye maungio ya bati au ndani ya gata huonekana mzuri wiki za mwanzo, halafu chini yake unga mweupe unaanza, kisha kutu, kisha maji. Kwenye plasta na zege asidi hukutana na chokaa ya saruji na kutengeneza chumvi laini kati ya mpira na ukuta. Ukivuta, mpira unatoka kama ganda la ndizi. Kioo cha kujitazamia nacho huharibika mgongoni. Kwenye kioo cha kawaida, vigae vyenye mng'ao na tangi la samaki, silikoni ya siki bado ni bora: inashika haraka na ni ya bei nafuu. Kwa kazi hizo, anayekushawishi uongeze pesa kwa ajili ya neno "hataza" anakupotezea.

Sasa dai. Hataza za vizibio vya silikoni kwa kawaida huwa na dai kuu lenye sura ifuatayo (namba hizi ni za mfano, ndani ya viwango vilivyozoeleka): sehemu 100 za polidimethilsiloksani yenye ncha za haidroksili, sehemu 3 hadi 8 za silani ya oksimu, sehemu 5 hadi 15 za silika, sehemu 50 hadi 100 za kalsiamu kaboneti, sehemu 0.5 hadi 2 za aminosilani, sehemu 0.05 hadi 0.3 za kichocheo cha bati. Yanafuata madai madogo: kwamba mchanganyiko hutumika kwenye karatasi za chuma zenye zinki, kwamba kichocheo kiwe kati ya 0.10 na 0.15, kwamba kalsiamu kaboneti iwe imepakwa asidi ya mafuta.

Sheria ya Hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inataka vitu vitatu: upya, hatua ya uvumbuzi (yaani kisiwe jambo dhahiri kwa mtu wa fani), na kutumika viwandani. Usajili wa Tanzania Bara uko BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na njia nyingine ni ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lenye makao Harare, chini ya Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Hataza ina mipaka ya nchi. Iliyotolewa Marekani au Uchina peke yake haimzuii mtu wa Mbeya kuchanganya wala kuuza, na maneno "hataza imeombwa" maana yake ni kwamba fomu imepelekwa, basi. Wala hakuna ofisi ya hataza inayopima kama silikoni inashika. Ubora ni kazi ya TBS, shirika la viwango.

Kwenye upya, dai la mfano wetu linaweza kupita, kwa sababu pengine hakuna waraka mmoja wenye viambato vyote sita kwa vipimo hivyo hivyo. Linakwama kwenye hatua ya uvumbuzi, na hapa inafaa kwenda polepole.

Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere ya mwaka 1966, iliweka maswali ambayo hadi leo yanatumika kule: maarifa yaliyotangulia yanasema nini, tofauti kati yake na dai ni ipi, na mtu wa kawaida wa fani ana ujuzi wa kiwango gani. Baada ya hapo ndipo hutazamwa ushahidi wa pembeni, kama vile mafanikio sokoni, hitaji lililodumu bila jibu, na kushindwa kwa waliojaribu kabla. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hupita njia nyingine: huchukua waraka ulio karibu zaidi na dai, huuliza ni tatizo gani la kiufundi limetatuliwa ukilinganisha na waraka huo, kisha huuliza kama mtaalamu angefanya hivyo. Kiswahili kinalibeba jambo hili vizuri: "angeweza kufanya" haitoshi, lazima ionekane kwamba "angefanya", yaani alikuwa na sababu ya kufanya.

Waraka ulio karibu zaidi na dai letu ni upi? Siyo silikoni ya siki. Hili ndilo kosa linalowapotosha wengi, kwa sababu maelezo ya hataza hupenda kujilinganisha nayo: tazama, ya kwetu haili zinki! Lakini silikoni za oksimu zimejulikana tangu miaka ya 1960, na sababu mojawapo ya kuzichagua ni hiyohiyo ya kutokula metali. Waraka wa karibu ni silikoni ya oksimu yenye silika, kalsiamu kaboneti na kichocheo cha bati. Ukishaweka hiyo mezani, tofauti inayobaki ni aminosilani na vipimo.

Aminosilani ni kiambato cha kawaida cha kushikisha kwenye silikoni zisizo na asidi. Mtaalamu anayeambiwa "mpira unabanduka kwenye metali" huifikia hiyo kwanza. Anayo sababu, na matokeo anayatarajia. Kalsiamu kaboneti iliyopakwa asidi ya mafuta nayo huuzwa ikiwa tayari hivyo, ili ichanganyike vizuri na mpira. Kwenye kesi ya KSR dhidi ya Teleflex ya mwaka 2007, iliyohusu pedali ya gari yenye kihisi cha umeme, Mahakama ya Juu hiyohiyo ya Marekani ilisema kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile ya zamani na kuleta matokeo yanayotarajiwa, kwa kawaida ni dhahiri. Viambato vyetu sita vimekaa hivyo hivyo, kila mtu na kazi yake.

Vipi kuhusu kichocheo kati ya 0.10 na 0.15? Kesi inayofaa ni ya Aller, nayo ya Marekani, ya mwaka 1955. Mchakato uliojulikana ulitumia nyuzi joto 100 na asidi ya salfuriki ya asilimia 10. Mwombaji akadai nyuzi 40 hadi 80 na asidi ya asilimia 25 hadi 70, na mavuno yake yalikuwa bora. Alikataliwa. Pale ambapo masharti ya jumla yanajulikana, kutafuta kipimo kizuri kwa majaribio ya kawaida hakuhesabiwi kuwa uvumbuzi. Kichocheo cha bati ni mfano wa kitabuni: kikipungua, ngozi ya juu ya silikoni inachelewa kufunga, kikizidi, silikoni inaganda upesi kuliko fundi anavyoweza kuilainisha, na ikikaa stoo inaharibika mapema. Kila kiwanda hupima pande hizo mbili na kusimama katikati.

Na dai la matumizi kwenye bati la zinki? Hilo ndilo dhaifu kuliko yote. Mtu anayejua kwamba asidi inakula zinki na kwamba oksimu siyo asidi hahitaji kuambiwa aipake wapi.

Ingekuwaje lingepita? Kuna mlango. Bati jipya mara nyingi hufika likiwa na utando wa mafuta ya kiwandani, na silikoni haishiki juu ya mafuta. Dai dogo linalosema mchanganyiko fulani unashika bati lenye mafuta bila kusafishwa tungelisoma kwa makini zaidi, tukikagua majedwali ya majaribio kwa mambo mawili. Kwanza, jaribio la kulinganisha liwe dhidi ya silikoni ya oksimu iliyo karibu, siyo dhidi ya ile ya siki. Pili, matokeo yasimame kwenye upana wote unaodaiwa. Ukipima aminosilani ya sehemu 1.2 peke yake, huwezi kudai kuanzia 0.5 hadi 2 na kutaka uaminiwe kote. Jedwali lenye mfano mmoja mzuri na mlinganisho mmoja mbovu ni jedwali la kuuzia bidhaa.

Mlango wa pili ni pale fani nzima inaposema jambo haliwezekani. Betri ya Adams, iliyoamuliwa mwaka 1966, ilitumia magnesi na kloridi ya shaba na kuamshwa kwa maji. Wataalamu wa jeshi hawakuamini kwamba ingefanya kazi, na mahakama ikaona kwamba haikuwa dhahiri. Kwa silikoni, mfano mzuri ni titanati, kichocheo chenye titani, kwenye aina ya alkoksi. Ukiimwaga titanati moja kwa moja kwenye mpira wenye haidroksili, mchanganyiko hunenepa ghafla hadi mashine inagoma. Waliogundua kuifunga kwanza titanati, au kuziba ncha za mpira kabla, walikuwa na tatizo la kweli na jibu la kweli. Vivyo hivyo, mtu akifanikiwa kuiweka aminosilani ndani ya silikoni ya siki ikakaa salama, tutamsikiliza, kwa sababu amini na asidi hazikai chungu kimoja.

Tahadhari moja tu: ni rahisi kuliona kila dai kuwa dhahiri ukishalisoma. Andika kwanza mtaalamu alijua nini siku ya maombi, kwa karatasi tofauti, kabla ya kurudi kwenye dai.

Tutoke mahakamani turudi juu ya paa.

Tyubu huandikwa kwamba silikoni inakauka milimita 2 hadi 3 kwa siku. Kipimo hicho ni cha maabara, nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50, ambapo mita moja ya ujazo ya hewa hubeba karibu gramu 10 za maji. Usiku wa Juni au Julai hapa Mbeya, au Njombe kwenye baridi kali zaidi, hewa ya nyuzi 10 yenye unyevu wa asilimia 60 hubeba kati ya gramu 5 na 6. Chakula cha silikoni ni maji hayo, na yamepungua karibu nusu. Usishangae milimita zilizoahidiwa kwa siku moja zikichukua mbili. Kina cha milimita 10 kikiwekwa Julai hakiguswi kabla ya wiki. Tukuyu, penye unyevu wa kutosha karibu mwaka mzima, shida inageuka: hewa si tatizo, uso mkavu ndio adimu.

Umande ndio adui mkubwa wa paa. Anza baada ya bati kukauka na uache kabla halijaanza kuchoma mkono, maana juu ya bati la moto ngozi hufunga upesi na mapovu yanabaki ndani. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kitambaa kikavu kabla spiriti haijakauka yenyewe. Usitumie mafuta ya taa wala petroli. Huacha utando, na kazi yote inakuwa bure. Kutu iliyopo ikwanguliwe kwa msasa hadi metali ionekane.

Upana wa mwanya usipungue milimita 6, na kina kiwe karibu nusu ya upana kwa mianya mipana. Kwa nini? Fremu ya alminiamu ya mita 1.5 ikibadilika joto kwa nyuzi 30 hurefuka au kufupika karibu milimita 1.1. Silikoni ya daraja la 25 kwenye ISO 11600, kiwango cha kimataifa cha vizibio, huvumilia asilimia 25 ya upana wa mwanya, yaani milimita 1.5 kwenye mwanya wa 6. Ya daraja la 12.5 huvumilia 0.75, na itachanika. Daraja hilo kwenye tyubu lina maana kuliko neno hataza. Likikosekana, muulize muuzaji karatasi ya kiwanda. Chini ya mwanya weka kamba ya sponji iliyo nene kidogo kuliko mwanya, au tepu ya plastiki, ili silikoni ishike pande mbili tu. Ikishika pande tatu haina nafasi ya kuvutika, na hupasuka katikati.

Hesabu ya tyubu: mililita 300 hutoa karibu mita 8 kwa mstari wa milimita 6 kwa 6, mita 6 kwa 10 kwa 5, na karibu mita 16 kwa mstari wa pembetatu wenye miguu ya milimita 6 kwenye kona ya dirisha. Punguza kidogo kwa inayobaki kwenye nozeli. Kata nozeli mshazari, tundu liwe dogo kuliko mwanya. Lainisha ndani ya dakika 5 hadi 10. Maji ya sabuni ni ya kidole baada ya kuweka. Yakitangulia kwenye uso, yanazuia kushika.

Kupima kama tyubu ni ya kweli hakuhitaji maabara. Silikoni ya siki haibebi kalsiamu kaboneti, kwa sababu asidi ingeila, hivyo uzito wa mililita 300 za ndani uko karibu gramu 300. Isiyo na siki iliyojazwa kaboneti hupita gramu 400. Ya siki ikiwa nyepesi kuliko gramu 300 kwa kiasi kinachoonekana, shuku mafuta ya madini. Ni mepesi na ya bei rahisi, na baadaye huhama au kuyeyukia hewani, mstari ukanywea na kuacha nyufa pembeni. Weka mstari wa milimita 6 juu ya kipande cha kioo, usubiri siku 7, kisha ukibane kipande kilichokauka kati ya karatasi za kaki chini ya tofali kwa usiku mmoja. Doa la mafuta likionekana, irudishe. Kwa kushika, paka kwenye kipande cha bati hilohilo utakaloezekea, acha wiki mbili, kata ncha na uvute kwa pembe ya 90. Mpira ukichanika ndani yake, umeshika. Ukibanduka safi, ama uso ulikuwa mchafu ama silikoni haifai.

Kasoro za hii isiyo na siki tusizifiche. Ya oksimu hubadilisha rangi ya shaba na inaweza kupasua karatasi ngumu za plastiki za polikaboneti. Huko chagua ya alkoksi. Umoja wa Ulaya umeiweka oksimu inayotumika sana kwenye kundi la kemikali zinazochukuliwa kuwa zinaweza kusababisha saratani, kwa hiyo ukiwa chumbani fungua madirisha yote. Rangi haishiki juu ya silikoni yoyote. Paka rangi kwanza. Tangi la plastiki lililopasuka halizibwi na tyubu yoyote kati ya hizi, hata muuzaji aape, maana silikoni haishiki polithini.

Mwisho geuza tyubu utazame tarehe kitakoni. Nyingi hudumu miezi 12 tangu kutengenezwa, zikiwekwa pasipo joto kali, na katoni iliyotoka Dar es Salaam imeshapita kwenye joto la Morogoro ndani ya lori kabla ya kupanda Kitonga. Bonyeza ubavu kwa vidole: ikiwa ngumu sehemu moja na laini nyingine, imeanza kuganda ndani, na nozeli itakutolea madonge.